Je, Wajua? Hewa ya soda hukamua mwani

Haematococcus pluvialis ni mwani mdogo sana wa maji baridi. Ukistawi huwa wa kijani. Chakula kikipungua na jua likizidi, hujaza seli zake rangi nyekundu ya astazanthini na kujifungia ndani ya ganda gumu. Rangi hiyo, inayoipa nyama ya samoni wekundu wake, huuzwa pia kama kirutubisho.

Kazi ni kuitoa. Heksani huiyeyusha, lakini hushika moto upesi na mvuke wake hudhuru neva. Ndiyo maana viwanda kadhaa vimehamia kwenye kaboni dioksidi, hewa ileile ya mapovu ya soda. Ikipita nyuzi joto 31 za Selsiasi na kubanwa zaidi ya mara 73 ya kanieneo ya kawaida, haiwi gesi wala kimiminika: hupenya kama gesi, huyeyusha kama kimiminika. Mwani husagwa kwanza ganda lipasuke, kisha hewa hiyo hupitishwa, pengine na ethanoli kidogo. Kanieneo ikishushwa, hewa hujiondokea na kurudishwa kazini, rangi inabaki. Pampu zake, hata hivyo, hula umeme si haba.

Spirulina, jamaa ya chakula cha heroe wa Ziwa Bogoria (na kisayansi ni bakteria, si mwani hasa), haina makuu. Igandishe, iyeyushe, iloweke kwenye maji matupu: yatageuka buluu kwa rangi yake, fikosianini. Usiyachemshe tu, joto huiua rangi hiyo.