Kalavati Bovu Barabarani, Hasara Shambani

Ndugu mkulima, leo hatuzungumzii mbegu wala mbolea. Tunazungumzia kitu kilicho nje ya shamba lako, tena chini ya ardhi, lakini chaweza kukupotezea mapato ya msimu mzima. Kitu hicho ni kalavati, yaani lile bomba au tundu la zege linalopitisha maji chini ya barabara kuu.

Huenda ukasema, "Hiyo kazi ya wahandisi, mimi inanihusu nini?" Hebu tukumbushane. Mwezi Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya ziliikata barabara kuu ya Dar es Salaam na Lindi katika eneo la Somanga, wilayani Kilwa. Mabasi na malori yakakwama. Nyanya haingoji barabara itengenezwe, na maziwa hayangoji. Lori lisipofika, bei ya shambani huanguka siku hiyo hiyo.

Kwanza tujue ukubwa wa maji yenyewe. Ikinyesha mvua ya milimita 50 katika hekta moja, hiyo ni lita 500,000, sawasawa na mapipa 2,500 ya lita 200. Shamba lenye matuta ya kukinga maji na majani litayanywa sehemu kubwa. Shamba tupu lililolimwa kufuata mteremko litayaachia yakimbie, tena yakiwa na udongo wako. Mashamba ishirini ya namna hiyo yakielekea kwenye bomba moja, utaona mwenyewe kazi iliyopo.

KALAVATI LINAVYOZEEKA

Kalavati haliharibiki kwa siku moja. Lile la bati huanza kuoza chini, pale maji na mchanga vinapolisugua kila mvua. Ukitazama ndani waona bati limetoboka sakafuni, juu bado zima. Lile la zege huachana kwenye maungio, kwa sababu vipande vyake havikulazwa juu ya msingi uliogandamizwa vizuri, au tuta limetitia.

Hapo ndipo hatari ilipo. Maji yakipata upenyo kwenye maungio, huanza kupita nje ya bomba na kuchota udongo wa tuta kidogo kidogo. Juu barabara yaonekana nzima, chini pamekuwa pango. Siku lori zito linapopita, tuta linabomoka.

Kwa hiyo zijue dalili zake. Lami au changarawe imebonyea juu ya kalavati. Kuna tundu pembeni mwa barabara linalomeza maji. Ukuta wa mdomo umepasuka au umeegemea nje. Maji yanatoka pembeni ya bomba badala ya kutoka ndani yake. Au mdomo wa chini unaning'inia, maji yanaanguka kama maporomoko na korongo linapanda kuelekea barabarani. Ukiona dalili mojawapo, usingoje mvua za masika. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa barabara kuu si wa bei ndogo.

LINAVYOTENGENEZWA

Sasa basi, mafundi hufanyaje? Kwanza hulisafisha. Kalavati la sentimeta 60 lililojaa mchanga hadi katikati limebaki na nusu tu ya uwazi wake. Mara nyingine ugonjwa wote ni huo.

Likiwa pana kiasi cha mtu kuingia, maungio yaliyoachana huzibwa kwa ndani kwa chokaa ya saruji na mchanga, na sakafu iliyooza humwagiwa zege jipya. Zege hilo lazima lilowanishwe siku saba au zaidi. Likikauka haraka kwa jua halitakuwa na nguvu.

Njia nyingine ni kuingiza bomba jipya jembamba ndani ya lile kuukuu, kisha nafasi iliyo kati yake kujazwa uji wa saruji. Faida yake ni kwamba barabara haikatwi. Lakini bomba la sentimeta 75 ndani ya lile la sentimeta 90 limepunguza uwazi kwa karibu theluthi moja. Kwa hiyo mhandisi hupima kwanza kama maji ya eneo hilo yatatosha kupita.

Likiwa limechoka kabisa, huchimbwa na kuwekwa jipya. Mara nyingi hukatwa nusu ya barabara, magari yakapita nusu ya pili. Udongo hurudishwa kwa tabaka nyembamba za sentimeta 15 hivi, pande zote mbili kwa usawa, kila tabaka ikishindiliwa. Mwisho, mdomo wa chini huwekewa sakafu ya mawe au vizimba vya waya vilivyojazwa mawe, ili maji yapunguze kasi kabla ya kufika shambani.

KAZI YAKO WEWE

Kutengeneza si kazi yako, na usijaribu kuchimba tuta mwenyewe. Kazi yako ya kwanza ni kutoa taarifa. Nchini Tanzania barabara kuu na za mikoa zi chini ya TANROADS. Zile za wilaya na vijijini zi chini ya TARURA. Peleka habari serikali ya kijiji, ukitaja jina la barabara, kijiji, nguzo ya kilometa iliyo karibu, na dalili uliyoiona. Taarifa ya namna hiyo yafanyiwa kazi upesi kuliko kusema tu "barabara yetu mbovu".

Ya pili, usizibe mdomo wa kalavati kwa magunia ya mchanga ili upate maji ya majaruba. Maji yaliyotuama yanalowanisha tuta na kulidhoofisha. Ukiyataka maji hayo, zungumza na wahusika, mfereji utolewe mbali chini ya sakafu ya mawe.

Ya tatu, usiyachukue mawe ya mdomoni kujengea nyumba, wala usichimbe mchanga hapo. Usilime ndani ya hifadhi ya barabara, ambayo kwa Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ni meta 30 kila upande kutoka katikati ya barabara kuu. Na watoto wasicheze ndani ya kalavati. Mvua ya milimani yaweza kuleta maji ghafla huku kwenu jua linawaka.

Ya nne ndiyo ya kilimo hasa. Wakulima wa juu, limeni kwa kukinga mteremko, pandeni mabingobingo kwenye matuta, na mabua msiyachome. Kila pipa la maji linalobaki shambani ni pipa moja pungufu kwenye kalavati.

Na wewe ndugu wa upande wa chini, ukisikia kalavati linabadilishwa, nenda kwenye mkutano wa kijiji kabla kazi haijaanza. Bomba kubwa zaidi litakuletea maji mengi kwa wakati mmoja. Uliza: maji haya yataishia wapi? Mfereji wa kuyafikisha mtoni umo katika mpango? Swali hilo likiulizwa mapema hujibiwa kwenye mchoro. Likiulizwa baada ya masika, korongo limekwisha pita katikati ya mahindi yako.

Basi, kabla mvua hazijaanza, chukua nusu saa, tembea hadi kwenye kalavati lililo karibu nawe ukalitazame midomo yote miwili. Kwa leo tunaishia hapo. Kazi njema.