Nondo ya Nyuma: Dawa Nzuri, Lakini kwa Kipimo



Wengi kati yenu munapenda motokari. Leo ukurasa wetu unawapeleka Marekani, kwa watu wanaotunza motokari za zamani zenye nguvu nyingi na kuzifungia nondo ya kutuliza upande wa nyuma. Kwa macho ni kazi ndogo, buloni nne tu. Lakini inaweza kumuumiza mtu mahali pawili: chini ya motokari, na kisha barabarani. Ndiyo maana sisi wa dispansere tunaizungumza.

MOTOKARI GANI?

Tuchukue Chevrolet Chevelle za miaka 1968 mpaka 1972. Ile ya SS 454 ya mwaka 1970 ilikuwa na moteri ya lita 7,4. Moteri hiyo ni ya chuma kizito, na yote inakaa mbele. Chevelle nyingi zilitoka kiwandani na nondo ya kutuliza mbele tu. Oldsmobile 442, iliyo ya jamaa moja nayo, ilikuwa na nondo ya nyuma tangu 1964. Leo wenye Chevelle wanabadili moteri, mipira na resori, kisha wanataka kuongeza nondo hiyo.

INAFANYA KAZI GANI?

Motokari ikikata kona, mwili wake unalalia upande wa nje, kama mtu aliyebeba mfuko wa unga kwenye bega moja. Nondo ni chuma cha resori kilichopindwa mfano wa herufi U. Inafungwa kwenye mikono miwili ya chini inayoshika ponti ya nyuma. Mwili ukilala, mkono mmoja unapanda na mwingine unashuka; nondo inasokotwa, nayo inakataa. Hivyo motokari inalala kidogo tu. Magurudumu yote mawili yakipanda tuta pamoja, nondo haisokotwi, haifanyi kitu.

KIPIMO

Munajua kinini: kipimo chake kinaponyesha malaria, lakini ukizidisha, masikio yanalia, na unaweza kufa. Nondo ni vile vile. Nondo ya milimita 25 inaonekana karibu sawa na ya milimita 22. Lakini ikiwa chuma ni kimoja na umbo ni moja, ugumu wake ni karibu mara 1,7.

Tena nondo haiondoi uzito wa kona, inauhamisha tu. Nondo ngumu ya nyuma inaubebesha mpira wa nje wa nyuma na kuupunguzia ule wa ndani. Chevelle ya kiwandani, ikizidiwa kwenye kona, pua yake ndiyo inateleza kwanza. Dereva anaondoa mguu polepole, motokari inarudi njiani. Ukiweka nondo nene kupita kiasi, mkia ndio unateleza kwanza. Hapo kuondoa mguu kwa ghafula kunazidisha mteremko wa mkia, na kwenye mvua, na moteri ya lita 7,4, nafasi ya kusahihisha ni ndogo sana. Kwa hiyo nondo ya nyuma ichaguliwe pamoja na ya mbele, resori na mipira, si peke yake.

NAMNA YA KUFUNGA

1. Simamisha motokari pahali pa sakafu ngumu na sawa. Zuia magurudumu ya mbele, mbele na nyuma yake.

2. Kriki ni ya kunyanyua, si ya kushikilia. Weka shandeli mbili za chuma chini ya ponti, kila upande moja. Sukuma motokari kwa mkono kabla ya kuingia chini. Matofali na mawe hayafai hata kidogo: yanapasuka bila kuonya.

3. Ponti ikikaa juu ya shandeli, resori zinabeba uzito na mikono inakaa katika pembe yake ya kweli. Fungia nondo hapo.

4. Angalia mikono ya chini. Ikiwa iko wazi upande wa chini kama mfereji, buloni itaibana na kuikunja. Tafuta mikono iliyofungwa pande zote nne, au tia vibomba vya chuma ndani yake. Ukibadili mikono, badili mmoja kwanza, kisha mwingine. Ukitoa yote pamoja, ponti itageuka.

5. Pakiwa na nafasi kati ya nondo na mkono, jaza kwa vibati. Usivute kwa nguvu ya buloni.

6. Hakikisha nondo haigusi bomba la moshi wala mpira wa breki. Kaza kwa ufunguo wenye kupima nguvu, na rudia kukaza baada ya safari za kwanza.

7. Vaa miwani: kutu huanguka moja kwa moja machoni. Usipulize vumbi la breki za motokari ya zamani, maana laweza kuwa na amianti, inayoharibu mapafu. Pangusa kwa kitambaa chenye maji.

8. Jaribu polepole, barabara kavu na tupu, kabla ya kuamini kona.

MWENZAKO AKIBANWA

Kifua kilichobanwa hakivuti hewa. Dakika chache zinatosha kuua. Musimvute kwa nguvu. Nyanyueni motokari mara moja, wekeni shandeli, ndipo mumtoe, na mmoja akimbie kuita msaada. Hata akisema hana kitu, apelekwe hospitali: damu inaweza kuvuja ndani bila kuonekana nje. Kwa sababu hiyo, musifanye kazi hii bila mwenzenu karibu.

Fundi mwema hapimi kazi kwa idadi ya buloni. Anauliza kwanza: ni nini kinachoshikilia uzito ulio juu yangu?