Kurudia Mtihani wa Upimaji wa Macho

Wako vijana waliosoma miaka mingi, wakafika mlangoni pa kazi, kisha mlango ukafungwa kwa ajili ya mtihani mmoja. Hapo wengi hukata tamaa, na jamaa zao huzidisha uchungu kwa maneno. Twapenda kuieleza hali hiyo kwa mfano wa wapima macho wa Marekani, kwani katika khabari zao mna mafunzo yafaayo kila nyumba yenye mwanafunzi.

Elimu ya macho si ngeni kwa Waislamu. Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra yapata mwaka 965, alitunga Kitab al-Manazir, akabainisha ya kwamba jicho huona kwa nuru iliingiayo kutoka katika vitu, wala si kwa mwali utokao jichoni. Naye hakuridhika na dhana, bali alitaka kila jambo lijaribiwe. Na mtihani ndio jaribio la elimu ya mtu.

Huko Marekani, jimbo la Minnesota lilitangulia kuitungia sheria kazi hii mwaka 1901, na baraza la taifa la mitihani likaanzishwa mwaka 1951. Mwanafunzi hutoka chuo kikuu, kisha huongeza miaka minne ya kusomea upimaji wa macho, na wengi husoma kwa mkopo. Walakini shahada peke yake haimpi leseni. Hana budi kupita sehemu tatu. Ya kwanza ni misingi: umbo la jicho, mwendo wa nuru na kazi ya dawa. Ya pili ni kutambua maradhi na kuyatibu. Ya tatu ni ustadi wa mikono na wa kukabili wagonjwa, nayo hufanywa katika mji wa Charlotte, jimbo la North Carolina. Alama huhesabiwa kuanzia 100 hadi 900, na aliyepungukiwa na 300 hakufaulu. Ruhusa ya kurudia iko, lakini ina mpaka: kila sehemu hujaribiwa mara sita tu, na kila mara ada hulipwa upya.

Pengine mtu atasema huu ni ukali. La! Ugonjwa wa presha ya macho huharibu mshipa wa kuonea kidogo kidogo, aghlabu pasina maumivu, na nuru iliyopotea hairudi. Mpimaji asiyejua dalili zake atampa mgonjwa miwani na kumuaga, na mgonjwa atakwenda zake akishukuru, huku upofu unamnyemelea.

Basi aliyeanguka na afanye nini? Kwanza, aitazame taarifa ya matokeo yake ajue alipopungukiwa. Sisi tusomeshao chuoni twajua: mtoto akikwama, mwalimu mwema hamrudishi mwanzo wa msahafu, bali humrudisha pale ulimi ulipoteleza, akariri hapo mpaka unyooke. Vivyo hivyo mwenye kurudia mtihani asisome vitabu vyote upya kwa kiasi kimoja, bali atoe saa nyingi zaidi kwa lile lililomshinda. Pili, apambanue namna ya kushindwa kwake. Aliyekosa maarifa na asome. Aliyeishiwa na wakati na ajizoeze kujibu maswali mbele ya saa. Aliyetetemeka mikono na arudie kupima macho ya wenziwe mpaka mkono uzoee. Kusoma zaidi hakumponyi mwenye kutetemeka. Tatu, akumbuke ya kwamba sehemu aliyokwisha kuipita haimdai tena.

Na jamaa nao wana wajibu wao. Khabari ya kuanguka kwake isifanywe mazungumzo ya arusini. Asilinganishwe na mtoto wa jirani, wala asiulizwe kila asubuhi amefikia wapi. Mwenye uwezo na amsaidie ada. Asiye nacho na ampe chumba chenye utulivu, na ampunguzie kazi za nyumba. Lakini msimdanganye kwa kumwambia ya kwamba ameonewa, kwani anayeamini hivyo hatatafuta upungufu wake, naye atarudi na uleule.

Siku atakapoketi mbele ya mgonjwa, mgonjwa hatamuuliza alifaulu mara ya ngapi. Atamkabidhi macho yake mawili, wala hana mengine.