Nilivyofuata Deni la Mamangu Hadi Kwenye Taa za Diwali

Nilikwenda Nairobi kulipa deni, sikwenda kutazama taa. Nasema hivi mapema ili msomaji asije akadhani kwamba mtu wa Mombasa wa umri wangu alipanda gari moshi kutwa nzima kwa ajili ya fataki za Wahindu.

Mamangu mzazi alifariki mwaka 2022. Baada ya arobaini tulifungua kasha lake, na chini kabisa, ndani ya leso iliyokunjwa, tukaikuta karatasi iliyoandikwa kwa mkono wake kwa herufi za Kiarabu: "Kwa Kaka, shilingi 460, nguo za harusi, mfungo nane 1407." Harusi hiyo ilikuwa ya dadangu. Kaka ni mwenye duka la nguo mtaani petu, Mhindu wa Kigujarati, mtu wa kofia nyeusi na sauti ya chini. Sisi watoto tukimwita Kaka kwa kumfanya ndugu, naye akiitikia kwa furaha kwa sababu kwa lugha yao kaka ni ami. Kila upande uliridhika na maana yake na wala hakuna aliyemsahihisha mwenzake.

Duka lile lilifungwa zamani, na Kaka akahamia kwa mwanawe Parklands. Ndugu yangu mkubwa alisema deni la miaka thelathini na zaidi limeshakufa lenyewe. Sheikh wetu hakuzungumza mengi. Alihesabu kwa vidole: mazishi, deni, wasia, kisha mirathi. Akauliza kama tuko tayari kugawana nyumba huku roho ya mamaetu imefungika. Basi nyumba ikakaa mwaka mzima haijagawiwa, na sisi ndugu tukawa tunasalimiana kwa ufupi.

Hatimaye jirani mmoja wa zamani alinipatia nambari ya simu. Aliyepokea ni mtoto wa Kaka. Alinisikiliza, akaenda kumuuliza babake, akarudi: "Njoo Jumapili tarehe 12 Novemba. Mzee anafunga daftari jioni hiyo." Hiyo ilikuwa mwaka 2023, na Jumapili hiyo ilikuwa Diwali.

Katika gari moshi nilikaa na kijana aliyeniambia kwa yakini kwamba Wahindi wa Kenya wote waliletwa na Waingereza kujenga reli. Sikumgombeza, ingawa si kweli. Vibarua wa reli ya kwanza, iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896, walikuwa kiasi cha 32,000, wengi wao wa Punjab, na waliobakia baada ya kazi walikuwa takriban 6,700 tu. Wafanyabiashara wa Kigujarati walikuja kwa nauli zao wenyewe, na babu zao walikuwa wakiingia bandari zetu kwa majahazi, kwa upepo wa kaskazi, kabla Nairobi haijawa na hata kibanda. Kaskazi huanza kuvuma mwezi wa Novemba, na Diwali huangukia Oktoba au Novemba. Mfanyabiashara wa Kachi au Kathiawar alifunga hesabu za mwaka, akafungua daftari jipya, na msimu wa safari ya kuja kwetu ukawa umewadia.

Jumapili adhuhuri niliswali Msikiti wa Jamia, katikati ya mji, kisha nikapita Biashara Street, iliyokuwa ikiitwa Bazaar Street. Maduka mengi yalikuwa yamefungwa, na mbele ya milango miwili mitatu nikaona maua ya rangi ya chungwa yametungwa uzi na kuning'inizwa. Nilipumzika kidogo katika Bustani ya Jeevanjee. Huyu Jeevanjee, aliyeutolea mji bustani hiyo mwaka 1906, alikuwa Bohora mzaliwa wa Karachi, kwa hiyo si kila duka la Mhindi huwasha taa usiku wa Diwali. Hapa mjini watu huwachanganya wote. Sisi wa Pwani, ambao tumekaa nao ukuta kwa ukuta, hatuna udhuru wa kukosea.

Mvua ya alasiri ilikuwa nzito. Matatu ilipita Ngara, ikashika barabara ya Profesa Wangari Maathai, ambayo wazee wangali wakiiita Forest Road, na tukalipita lile hekalu kubwa la mawe yaliyochongwa India, lililofunguliwa mwaka 1999. Magari yalikuwa yamejipanga hadi barabarani. Nilipofika Diamond Plaza watu walikuwa wanasukumana kwenye maduka ya halua, kila mmoja ametoka na maboksi manne matano ya ladu, jalebi na vitu vingine ambavyo sikuvitambua.

Niliswali magharibi kwanza, kisha nikaenda. Mvua ilikuwa imekatika. Na hapo, ndugu msomaji, ndipo nilipoziona taa. Usiku wa Diwali ni usiku wa mwezi kufa, hauna mbalamwezi hata chembe, na ukutani, ngazini, pembezoni mwa vibaraza na juu ya malango kulikuwa na vijitaa vya udongo, kila kimoja kinatosha kiganjani, kina mafuta au samli na utambi wa pamba. Nyumba nyingine zilikuwa na taa za umeme za rangi, zinazowaka na kuzimika, lakini macho yangu hayakukaa huko. Mlangoni pa Kaka sakafu ilikuwa imepambwa ua kubwa kwa unga wa rangi, nami nikasimama kama mjinga nisijue pa kuweka mguu. Mjukuu wake, msichana wa miaka kama kumi na minane, alinishika mkono akanizungusha pembeni.

Kaka amekuwa mzee sana. Alinitazama kwa muda, akasema kwa Kimvita kilekile cha zamani: "Wewe ndiwe uliyenivunjia kioo cha dirisha kwa mpira." Nikakiri.

Kabla ya jambo letu walikuwa na ibada yao. Waliingia chumba cha ndani na daftari zao, nami nikabaki barazani. Hilo nalieleza wazi kwa sababu najua nitaulizwa: wao wana dini yao nasi tuna yetu, na hakuna aliyenitaka niingie. Mjukuu ndiye aliyenieleza kinachofanyika. Daftari jipya lenye jalada jekundu huombewa baraka, na ukurasa wa kwanza huandikwa maneno mawili, heri na faida. Nduguye, ambaye ni mhasibu, alikuwa ameweka kompyuta yake pamoja na vile vitabu. Asubuhi baada ya siku moja ingekuwa Mwaka Mpya wao, wa 2080 kwa hesabu yao ya Samvat. Sababu ya taa nayo si moja. Wengi husema ni kurejea kwa Rama nyumbani baada ya miaka kumi na minne ya uhamishoni. Wajaini, ambao ni wengi katika Parklands, wana kumbukumbu ya mwalimu wao Mahavira, na Masingasinga wana yao.

Msichana yule alinionyesha katika simu picha alizopiga Thailand, katika hoteli ya ufukweni. Huko wana siku inayoitwa Loy Krathong, inayoangukia mwezi mpevu, mara nyingi siku kumi na tano baada ya Diwali. Watu hukata kipande cha mgomba, wakakizungushia majani ya mgomba na maua, wakasimamisha mshumaa na ubani juu yake, wakakiacha kielee majini. Bahari nzima ilikuwa imejaa nukta za moto. Akaniuliza: "Nyinyi mna bahari na migomba, mbona hamfanyi hivi?" Nikamwambia tulikuwa na Siku ya Mwaka. Wazee walikwenda kuoga baharini alfajiri, na katika nyumba nyingine moto wa zamani ulizimwa jikoni ukawashwa mpya. Makunduchi, Unguja, bado wanaishika kwa shangwe. Alishangaa. Mimi pia nilijishangaa, maana kwa wanangu sijapata kuisimulia.

Kisha Kaka akatoka, akaamuru lile sanduku la bati liletwe. Ndani mlikuwa na daftari ndefu nyembamba, zimefungwa kamba, zinanuka mende na karafuu. Nilimpa karatasi ya mamangu. Hakuweza kuisoma, na daftari lake mimi sikuweza kulisoma. Nikamsomea: mfungo nane, 1407. Tukakaa kuhesabu, mwanawe na kalamu, mjukuu na simu, mpaka tukakubaliana kwamba ni Januari 1987, nayo kwa Samvat ni 2043. Daftari la mwaka huo lilikuwa la tatu kutoka chini.

Alipitisha kidole polepole. Jina la mamangu lilikuwapo, kwa Kigujarati. Akasoma: nguo za harusi, 460. Chini yake, malipo matatu ya hamsini hamsini. Baki, 310. Halafu hakuna kitu tena.

"Mwaka uliofuata babako akafa," alisema Kaka. "Mamako akakaa eda. Mjane na watoto sita, ningempelekea nani kumdai?"

Nikamuuliza mbona basi hakulifuta.

"Daftari haliongopi. Hakulipa, basi nitaandikaje amelipa?"

Mwanawe alisema hayo ni mambo ya zamani, yasamehewe tu, tule. Kaka akamnyamazisha kwa mkono. Akaniambia: "Kusamehe naweza sasa hivi. Lakini wewe umetoka Mombasa kulipa. Ukirudi na pesa zako utakuwa ulikuja kuomba." Nikampa noti ya elfu. Nilitaka achukue yote, kwani shilingi 310 za mwaka 1987 si hizi za leo, na nilikuwa nimebeba elfu tano kwa nia hiyo. Hakukubali. Akaagiza chenji ndani, akanihesabia 690 mkononi, noti kwa noti.

Akachukua kalamu akaandika mstari mmoja, akapiga msitari chini. Halafu akasema neno ambalo sikulitarajia kutoka kwake: "Nimemhalalishia." Alijifunza wapi? Kwetu, bila shaka, kwenye matanga ya majirani aliokaa nao miaka arobaini.

Mkewe aliniletea boksi la halua lililofungwa kwa karatasi ya dukani. "Chukua, mwanangu. Hizi hazikuwekwa kwenye ibada, nimezitenga tangu mchana." Hivyo ndivyo alivyokuwa akifanya na Mombasa, na mamangu naye, Idi ikifika, alimpelekea visheti na tambi, asithubutu kumpelekea kitu chenye nyama. Sheria ya sikukuu ya Kenya ina siku mbili zilizoandikiwa watu wa dini moja moja: Idi ya Kuchinja kwa Waislamu, na Diwali kwa Wahindu. Mwaka 2017 Serikali ikawatambua Wakenya wa asili ya Asia kuwa kabila la 44. Kaka nilipomtajia hilo alicheka, akasema yeye ni kabila la Mombasa.

Fataki zilianza kiasi cha saa tatu usiku. Neno lenyewe tumelitoa kwao, lakini kelele zake waendelee kuwa nazo. Mbwa wa Parklands yote walilia, nami nikaaga.

Risiti aliyoniandikia Kaka iko katika kasha la mamangu, pamoja na ile karatasi yake. Imeandikwa Kigujarati na hakuna mtu nyumbani anayeweza kuisoma. Ndugu yangu mkubwa aliigeuzageuza, akauliza kama ina muhuri. Nikamwambia haina. Wiki iliyofuata tulikwenda kwa Kadhi.