Kioanishi Faili: Kiungo Kidogo Kinachobeba Data Kubwa

Kioanishi faili ni sehemu ya programu inayosoma mafaili ghafi na kuamua kila kipande cha maandishi kinakwenda wapi: herufi hizi ni tarehe, zile ni namba ya kituo, zinazofuata ni halijoto. Hukaa mwanzoni mwa kazi ya kuchakata data kwa mkupuo, yaani kazi inayokusanya mafaili mengi na kuyapitia yote bila mtu kukaa mbele ya skrini. Benki hufunga hesabu za siku kwa njia hii, kampuni za simu hukokotoa bili, na wanasayansi wa hali ya hewa hupitia vipimo vya zaidi ya karne moja. Maelekezo ya kioanishi huenda yasizidi kurasa chache, lakini kila rekodi ya terabaiti nyingi hupita mikononi mwake. Yakipangwa sawasawa, hesabu zote zinazofuata zina msingi. Yakikosewa, kosa moja hurudiwa mara bilioni, tena kwa kasi kubwa.

Chimbuko

Mwaka 2003, wahandisi wa Google Sanjay Ghemawat, Howard Gobioff na Shun-Tak Leung walichapisha maelezo ya mfumo wa kuhifadhi mafaili makubwa kwenye kompyuta nyingi za bei nafuu. Mwaka 2004, Jeffrey Dean na Ghemawat wakaeleza MapReduce, utaratibu wa kuchakata data hizo kwa hatua mbili. Hatua ya kwanza ni kuoanisha: kila rekodi husomwa peke yake na kutolewa jozi ya ufunguo na thamani. Hatua ya pili ni kujumlisha: thamani zote zenye ufunguo mmoja hukusanywa na kufupishwa kuwa jibu.

Doug Cutting na Mike Cafarella, waliokuwa wakijenga mtambo wa kutafutia kurasa za wavuti uitwao Nutch, waliyachukua mawazo hayo na kuyaandikia programu huria. Mwaka 2006 kazi hiyo ilijitenga na kupewa jina Hadoop, ambalo mtoto wa Cutting alikuwa amempa tembo wake wa manjano wa kuchezea. Haikuchukua muda faida yake ikaonekana. Mwaka 2007 gazeti la The New York Times lilikodi kompyuta 100 za Amazon, likaendesha Hadoop juu yake, na katika muda wa saa 24 terabaiti 4 za picha za kurasa za zamani zikageuzwa kuwa makala milioni 11 za PDF.

Mstari mmoja kwa karibu

Kazi ya kioanishi huonekana vizuri zaidi kwenye data halisi. Huko Asheville, katika jimbo la North Carolina, taasisi ya Marekani inayosimamia kumbukumbu za mazingira chini ya NOAA hutunza hazina ya vipimo vya hali ya hewa kutoka maelfu ya vituo duniani, baadhi yake vikianzia mwaka 1901. Vituo vya Dar es Salaam, Zanzibar, Mombasa na Nairobi vimo. Kila kipimo ni mstari mmoja wa maandishi. Herufi 105 za kwanza ni za lazima katika kila mstari, na baada ya hapo huweza kufuata nyongeza za urefu tofauti.

Mstari huo hauna koma wala nafasi ya kutenganisha taarifa. Maana ya kila herufi hutokana na mahali ilipo. Nafasi ya 5 hadi ya 10 ni namba ya kituo. Kwa uwanja wa ndege wa Dar es Salaam ni 638940. Nafasi ya 16 hadi 23 ni tarehe, na ya 24 hadi 27 ni saa. Halijoto iko nafasi ya 88 hadi 92, na nafasi ya 93 ina tarakimu moja inayoeleza ubora wa kipimo. Halijoto huandikwa kwa alama na tarakimu nne, ikiwa imezidishwa kwa kumi. Kwa hiyo +0312 ikifuatiwa na 1 maana yake ni nyuzi 31.2 za Selsiasi, kipimo kilichofaulu ukaguzi wote. Kituo kisipopata kipimo, huandikwa +9999.

Kupanga kioanishi cha mafaili haya kunahitaji mambo matatu. La kwanza ni muundo wa chanzo: orodha ya nafasi na kilichomo katika kila nafasi. La pili ni muundo wa lengo: majina ya safu zinazotakiwa na aina ya kila safu, iwe namba kamili, namba ya desimali, tarehe au maandishi. La tatu ni kanuni za kutoka upande mmoja kwenda wa pili: gawanya halijoto kwa kumi, fanya +9999 kuwa safu tupu, pokea tarakimu za ubora 0, 1, 4, 5 na 9, kataa zilizobaki. Katika zana za michoro kama Talend, mpangaji huvuta mistari kutoka safu ya chanzo hadi safu ya lengo. Katika Hadoop yenyewe huandika kanuni hizo kwa Java. Zana hutofautiana, maswali ni yale yale.

Kosa la nafasi moja

Waraka wa mafaili hayo huhesabu nafasi kuanzia 1, lakini lugha nyingi za programu, Java ikiwemo, huhesabu kuanzia 0. Mpangaji akiagiza herufi tano kuanzia 88 bila kupunguza moja, programu husoma nafasi ya 89 hadi 93. Alama ya kujumlisha au kutoa huachwa nje, na tarakimu ya ubora huingia kana kwamba ni sehemu ya halijoto. Ile +0312 yenye ubora 1 hugeuka 03121, yaani nyuzi 312.1. Kosa hilo hujitangaza, kwa kuwa waraka huweka mpaka wa juu wa halijoto kuwa nyuzi 61.8 na wa chini kuwa 93.2 chini ya sifuri. Ukaguzi mdogo wa mipaka utalikamata.

Hatari kubwa iko kwenye vituo vya nchi za baridi. Kipimo cha -0051 chenye ubora 1, ambacho ni nyuzi 5.1 chini ya sifuri, husomwa 00511 na kuwa nyuzi 51.1. Namba hiyo imo ndani ya mipaka, na jangwani joto la namna hiyo hutokea kweli. Hakuna kengele itakayolia. Ndiyo maana kioanishi hujaribiwa kwanza kwa mistari michache iliyochaguliwa makusudi: wenye joto, wenye baridi, usio na kipimo, wenye ubora mbaya, na uliokatika katikati. Majibu ya mistari hiyo hukokotolewa kwa mkono na kulinganishwa na yale ya kioanishi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika data kubwa ukuta huo ni kurudia kazi nzima.

Saa nayo ina mtego wake. Vipimo hivi huandikwa kwa saa ya dunia, UTC, na Afrika Mashariki iko mbele kwa saa tatu. Kipimo cha saa 22:00 ya tarehe 31 Desemba kwa UTC, kwa Dar es Salaam ni saa saba usiku wa tarehe 1 Januari. Kioanishi kisipoambiwa ni saa ya wapi inayotakiwa, kipimo huingia siku isiyo yake, na hata mwaka usio wake.

Faili linavyogawanywa

Diski moja inayosoma megabaiti 100 kwa sekunde huhitaji karibu saa tatu kumaliza terabaiti moja. Diski mia zikigawana kazi hiyo, humaliza kwa chini ya dakika mbili. Kwa sababu hiyo mfumo wa mafaili wa Hadoop huligawa faili katika mabloku. Bloku moja ilikuwa megabaiti 64 katika matoleo ya mwanzo, na sasa kwa kawaida ni 128, hivyo terabaiti moja hutoa mabloku 8,192. Kila bloku huhifadhiwa katika nakala tatu kwenye kompyuta tofauti, ili moja ikiharibika data isipotee. Kisha programu ya kioanishi, ambayo ni ndogo, hupelekwa kwenye kompyuta yenye data, badala ya data kusafirishwa kuifuata programu.

Ukataji huo haujali mwisho wa mstari. Bloku huweza kuishia katikati ya rekodi, halijoto ikabaki upande mmoja na tarehe upande mwingine. Hadoop huondoa tatizo hilo kwa kanuni mbili. Kila msomaji, yaani sehemu ya programu inayokisomea kioanishi kipande chake, isipokuwa wa kipande cha kwanza, huruka maandishi yote hadi alama ya kwanza ya mwisho wa mstari. Pia kila msomaji akifika mwisho wa kipande chake huendelea kusoma ndani ya kipande kinachofuata mpaka amalize mstari alioufikia. Kwa njia hiyo kila rekodi husomwa nzima, na mara moja tu.

Kanuni hizo hutegemea alama sahihi ya mwisho wa mstari. Mafaili yaliyotoka Windows huwa na herufi mbili mahali hapo, na mengine mengi huwa na moja. Kioanishi kikisubiri moja tu, herufi ya ziada isiyoonekana hubaki mwishoni mwa safu ya mwisho. Usimbaji wa herufi nao lazima utajwe, la sivyo majina yenye herufi za lugha nyingine huharibika. Mstari wa vichwa vya safu pia unahitaji uangalifu. Umo kwenye kipande cha kwanza pekee, hivyo agizo la kuruka mstari wa kwanza likitolewa kwa wasomaji wote, kila kipande kitapoteza rekodi moja halali.

Mafaili madogo na mafaili yaliyobanwa

Mafaili ya Asheville hupangwa moja kwa kila kituo kwa kila mwaka, tena yamebanwa kwa gzip. Mpangilio huo humfaa anayetafuta kituo kimoja, lakini huitesa Hadoop. Seva kuu ya mfumo hutunza orodha ya mafaili yote katika kumbukumbu yake, na kila faili au bloku hutumia takribani baiti 150. Mafaili milioni 10 yenye bloku moja moja hula karibu gigabaiti 3 za kumbukumbu hiyo. Kwa kawaida pia kila faili hupewa kioanishi chake, na kukiandaa kunaweza kuchukua muda mrefu kuliko kulisoma. Dawa ni kuyaunganisha kwanza, kwa mfano kwa mwaka, au kutumia msomaji anayepokea mafaili mengi katika kipande kimoja.

Ubanaji una suala lake. Faili la gzip haliwezi kufunguliwa kuanzia katikati, hivyo faili la gigabaiti moja lenye mabloku manane husomwa lote na kioanishi kimoja huku kompyuta nyingine zikisubiri. Faili la bzip2 hugawanyika, ingawa kulifungua huchukua muda zaidi. Mpangaji huchagua kati ya nafasi ya diski na muda wa kazi.

Mipangilio ya mwendo

Jozi zinazotoka kwenye kioanishi hukusanywa katika kumbukumbu, kwa kawaida megabaiti 100. Zikijaa kwa asilimia 80 hupangwa kwa ufunguo na kumwagwa kwenye diski, kisha husafirishwa hadi kwa wajumlishaji. Kazi ikitafuta joto la juu la kila mwaka, ufunguo ni mwaka na thamani ni halijoto. Kila kompyuta huweza kutafuta joto la juu la sehemu yake kabla ya kusafirisha, na mzigo wa mtandao hupungua sana. Njia hiyo haifai kwa wastani ikitumiwa hivi hivi, kwa kuwa wastani wa wastani mbalimbali si lazima uwe wastani wa vipimo vyote. Hapo husafirishwa jumla na idadi.

Idadi ya wajumlishaji isipotajwa, Hadoop huweka mmoja, na kazi kubwa hukwama mlangoni pake. Kioanishi kikianguka hujaribiwa tena, kwa kawaida hadi majaribio manne kwa jumla, kabla kazi nzima haijatangazwa kushindwa. Folda ya matokeo haitakiwi kuwapo kabla ya kazi kuanza. Ikikutwa, Hadoop hukataa kuendelea ili matokeo ya awali yasifutwe. Kazi ikifaulu, folda hiyo huwa na mafaili ya matokeo pamoja na faili tupu liitwalo _SUCCESS.

Faili hilo huthibitisha kwamba kazi imefika mwisho. Usahihi huthibitishwa na vihesabio: rekodi zilizoingia, zilizopokelewa, zilizokataliwa kwa ubora mbaya, na zisizo na kipimo. Makundi matatu ya mwisho yakijumlishwa lazima yalingane na la kwanza. Rekodi mbovu huandikwa kwenye folda yake pamoja na sababu ya kukataliwa, ili zichunguzwe.

Baada ya Hadoop

Spark, mfumo mwingine wa kuchakata data ulioanzishwa mwaka 2009 na Matei Zaharia katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, huweka data katika kumbukumbu kati ya hatua na hatua, na kazi nyingi huenda kwa kasi zaidi. Hata hivyo kioanishi hakikuondoka. Spark huweza kukisia aina za safu yenyewe, lakini kukisia huongeza usomaji wa data na huweza kukosea, hivyo ni salama zaidi kutaja muundo waziwazi. Mpangaji huchagua pia rekodi mbovu ifanyweje: safu zisizosomeka ziachwe tupu, rekodi itupwe, au kazi isimame papo hapo. Asipochagua, Spark huziacha safu tupu na kuendelea kimya kimya, jambo lisilofaa kwa hesabu za fedha wala za dawa.

Matokeo ya kuoanisha mara nyingi huhifadhiwa kwa umbizo la Parquet, lililotolewa mwaka 2013 na Twitter na Cloudera. Faili la Parquet hubeba majina na aina za safu ndani yake na hupanga data safu kwa safu, hivyo anayetaka halijoto pekee husoma halijoto pekee. Kazi zinazofuata hazihesabu tena nafasi ya 88 wala kugawanya kwa kumi, kwa kuwa hupokea uamuzi uliokwisha kufanywa na kioanishi cha kwanza, uwe sahihi au wenye kosa.