Nyanya ikilegea, iko inajitetea

Hapa Bunia, kiangazi cha Desemba mpaka Februari, mwenye nyanya anauza vizuri. Lakini ni wakati huo maua yanaanguka. Juu ya nini?

Mizizi ndiyo inasikia ukavu kwanza. Inatuma habari kwa majani, nayo yanafunga matundu yao madogo ili maji yasipotee. Jua linazidi kupiga, na ndani ya jani inazaliwa sumu. Ni sumu ile ile ya chupa ya farmasi inayotoa povu kwenye kidonda. Mmea una vimengenya vya kuivunja, katika majani na mizizi pia. Kimoja, katalazi, kinaigeuza kuwa maji na oksijeni. Ponda jani bichi, tia matone ya dawa hiyo: povu utakaloona ni kazi yake.

Kazi hiyo inakula nguvu ya mmea. Ukavu ukidumu, sumu inashinda, maua yanaanguka.

Jani likilegea saa sita na kuinuka jioni, mmea bado unajitetea. Ukilikuta limelegea asubuhi, umechelewa. Basi mwagilia mapema asubuhi, penye shina, maji yazame mpaka kwenye mizizi, na ufunike udongo kwa majani makavu.