Kipupwe Kinapokaribia: Tukague Majiko, Matundu ya Hewa na Feni

Kuanzia Juni hadi Agosti baridi huongezeka katika maeneo yanayouzunguka Mlima Meru. Kata ya Nduruma ipo kwenye uwanda wa chini, hivyo baridi yake si kali kama ya vijiji vya mlimani. Hata hivyo, usiku na alfajiri kaya nyingi huhitaji joto. Kwa kuwa nyumba zetu nyingi hazina mitambo ya kupasha joto, jiko la mkaa lililopikia chakula cha jioni ndilo huingizwa chumbani. Hapo ndipo hatari ilipo.

Mkaa unapoungua hutoa kaboni monoksaidi, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Hewa hiyo hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni kwa zaidi ya mara 200, hivyo ubongo na moyo hukosa oksijeni. Wapo wanaoamini kuwa mkaa uliokolea na kuacha kutoa moshi ni salama. Imani hiyo si sahihi. Kinachoisha ni moshi unaoonekana. Sumu huendelea kutoka maadamu kaa lingali linawaka. Dalili zake ni maumivu ya kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na kuishiwa nguvu, na mtu aliyelala hawezi kuzitambua.

Kwa sababu hiyo, jiko la mkaa lisiwekwe katika chumba cha kulala, hata kwa muda mfupi. Blanketi, nguo nzito na chupa ya maji ya moto iliyofungwa vizuri vinatosha kuleta joto kitandani. Nyufa chini ya mlango wa chumba kisicho na moto zinaweza kuzibwa, lakini matundu ya hewa yaliyo juu ya madirisha yasizibwe kwa matambara wala magazeti.

Wananchi wanashauriwa kufanya ukaguzi ufuatao kila mwezi Mei, kabla baridi haijaanza:

1. Jikoni: safisha matundu ya hewa. Kama jiko la kuni lina bomba la kutolea moshi, ondoa masizi na uzibe nyufa za bomba.

2. Jiko la gesi: paka povu la sabuni kwenye mpira na maungio yake. Mapovu yakiongezeka, gesi inavuja: funga mtungi na usitumie jiko hadi litengenezwe. Mpira wenye nyufa ubadilishwe. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, hivyo hutuama sakafuni. Ukisikia harufu yake, usiwashe kiberiti wala kugusa swichi. Fungua milango na madirisha, kisha toka nje.

3. Hita ya umeme: kagua waya na plagi. Usiikaribishe na mapazia wala matandiko.

Ukaguzi wa pili ufanyike mwezi Desemba, kabla ya joto la Januari hadi Machi. Vumbi la kiangazi hujaa kwenye mapanga na mota ya feni, ikapata moto na kupunguza upepo. Chomoa feni kwenye umeme kabla ya kuifuta. Wenye viyoyozi wasafishe vichujio vyake. Katika nyumba za bati, dari na miti ya kivuli upande wa magharibi hupunguza joto la mchana bila gharama ya umeme.

Mtu akikutwa amezidiwa ndani ya chumba chenye moto wa mkaa, fungua milango na madirisha, mtoe nje penye hewa safi, kisha mfikishe haraka katika kituo cha afya kilicho karibu, hata akizinduka. Moto ukitokea, piga simu namba 114 ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.

Kila mkuu wa kaya ahakikishe kwamba, kabla ya familia kulala, jiko la mkaa liko nje na makaa yake yamezimwa.